Kauli ya Kutendana katika Jiometri ya Nukta Chache

Hudaiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hisabati ya juu ila kwa istilahi za kukopa. Dai hilo lafaa kupimwa kwa mfano, nao ni bapa projektivu lenye idadi maalumu ya nukta. Masharti yake makuu ni mawili: kila nukta mbili zimo katika mstari mmoja tu, na kila mistari miwili ina nukta moja tu ya pamoja. Mstari hapa si lazima unyooke. Ni kundi la nukta.

Na ichukuliwe miji saba, kuanzia Maseno, ambapo ikweta hukatiza barabara ya Kisumu kwenda Busia. Makundi yake ni haya:

Kisian, Maseno, Luanda;
Kisian, Kisumu, Bondo;
Kisian, Siaya, Yala;
Maseno, Kisumu, Siaya;
Maseno, Bondo, Yala;
Luanda, Kisumu, Yala;
Luanda, Bondo, Siaya.

Kundi la kwanza lafuata barabara halisi. Mengine si lazima. Msomaji akichagua miji yoyote miwili, ataikuta pamoja katika kundi moja tu. Akichagua makundi mawili, ataona mji mmoja wa pamoja.

Mwalimu asemapo “nukta imo mstarini”, nukta huwa kilichomo na mstari huwa chombo. Asemapo “mstari unapita katika nukta”, mstari ndio mtenda. Lakini “nukta na mstari vinaambatana” haitangulizi kimoja mbele ya kingine. Kiambishi -an- chaonyesha kwamba nukta na mstari vyaweza kubadilishana nafasi, na masharti yasivunjike.

Faida hiyo huonekana zaidi bapa linapokosekana. Bapa lenye nukta 7 katika kila mstari lingehitaji nukta 43 na mistari 43; nalo haliwezi kuwapo, kama ilivyo dhahiri kutokana na kanuni ya Bruck na Ryser ya mwaka 1949. Ndipo hutafutwa kilicho karibu nalo. Bapa lenye nukta 57 na mistari 57, kila mstari ukiwa na nukta 8, lipo. Ukiondolewa mstari mmoja pamoja na nukta zake zote, hubaki nukta 49 na mistari 56 yenye nukta saba saba. Kila nukta mbili bado hukutana katika mstari mmoja. Lakini kati ya jozi 1,540 za mistari, jozi 168 hazikutani.

Kwa hiyo upungufu wote wa umbo hilo waelezwa kwa kitenzi kimoja: nukta hukutana, mistari mingine haikutani. Istilahi “projektivu” imekopwa. Uhusiano wenyewe ulikuwa tayari katika sarufi.