Je, Wajua? Sumu ya mshale huzima pampu ya seli

Kwenye utando wa kila seli ya moyo wako kuna pampu ndogo mno. Kila mzunguko, pampu moja hutoa chembe 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Hazipumziki, hata ukilala.

Sumu ya mshale huzizima. Sodiamu hujaa ndani, kalsiamu huongezeka, moyo huvurugika na kusimama. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huitoa kwenye waridi la jangwani. Mnyama akianguka, nyama iliyozunguka jeraha hukatwa na kutupwa. Msunguti, ambao Wamaasai huuita olmorijoi, una sumu ya jamii hiyohiyo.

La ajabu kuliko yote ni panya wa shungi wa Afrika Mashariki. Hutafuna gome la msunguti, kisha hupaka mate yenye sumu kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa akimng'ata, anaweza kufa. Panya mwenyewe hadhuriki!

Jens Skou wa Denmark aliigundua pampu hii mwaka 1957, kwenye neva za kaa. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Digoksini, dawa ya moyo, huilenga pampu ileile, kwa kipimo kidogo sana.