Swali la Machemba

Luagala, leo ndani ya Wilaya ya Tandahimba, ilikuwa ngome ya Machemba, mtawala wa Kiyao. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, mwakilishi wa Kaizari wa Ujerumani, alimwita aende pwani kutoa utii. Machemba alijibu kwa barua ya Kiswahili: haoni sababu ya kumtii. Ikiwa ni urafiki au biashara, yuko tayari. Lakini kumwangukia miguuni kiumbe wa Mungu kama yeye, hapana. Vita vikaja, hata mwaka 1899 akavuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Angalia alichokikataa. Hakuwafukuza wageni wala hakugoma kufanya nao biashara. Alitaka kujua amri yao inatoka wapi. Kwangu mimi, madai yote ya uhuru yaliyofuata katika nchi hii yamo ndani ya swali hilo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza chini ya Shirikisho la Mataifa. Mkulima wa Newala akalipa kodi kwa jumbe. Jumbe akawajibika kwa liwali, liwali kwa Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya, DC kwa mkuu wa jimbo, naye kwa gavana, aliyetawala kwa jina la mfalme wa Uingereza. Mkulima hakuwa na kura ya kumwondoa hata mmoja wao. Kwa Wamakonde wa huko jambo hili lilikuwa zito zaidi, maana hawakuwa na desturi ya mfalme; mambo yao waliyaamua wakubwa wa koo, watu waliowajua kwa sura. Makoloni 13 ya Marekani yalipojitangazia uhuru mwaka 1776, nayo yalilalamika kutozwa kodi na Bunge la London ambamo hayakuwa na mjumbe.

Tanganyika haikujitangazia uhuru namna ile. Chama cha TANU kilidai kwa mikutano, kwa kura, na mbele ya Umoja wa Mataifa, ambako kiongozi wake, Julius Nyerere, alizungumza mwaka 1955. Bendera ilipopandishwa 9 Desemba 1961, Elizabeth II aliendelea kuwa Malkia wa Tanganyika, na Richard Turnbull, gavana wa jana, akawa gavana mkuu. Sheria bado zilihitaji idhini kwa jina la Malkia. Ilichukua mwaka mzima, mpaka 9 Desemba 1962, nchi kuwa jamhuri yenye rais aliyechaguliwa na wananchi. Watu huipita hatua hiyo haraka mno, nami naiona nzito kuliko ile ya kwanza.

Hata hivyo, tusimtwike mfalme lawama zote. Ureno ilimwondoa mfalme wake mwaka 1910, na bado ng'ambo ya Ruvuma, katika koloni lake la Msumbiji, Wamakonde waliendelea kutawaliwa vilevile. Tarehe 16 Juni 1960 walikusanyika Mueda, mbele ya ofisi ya serikali, kudai haki zao. Walipigwa risasi. Miaka minne baadaye chama cha ukombozi cha FRELIMO kilianza vita, baadaye wapiganaji wake wakafunzwa Nachingwea, na Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975.