Ufa wa Bakuli la Mti: Sababu Yake na Namna ya Kuuziba

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililowatia hasara watu wengi, wenye nyumba na mafundi pia, nalo ni kupasuka kwa mabakuli ya mti yaliyokerezwa. Mtu hununua bakuli zuri la mwembe au la mvule, akaliweka kwake, na baada ya mwezi mmoja au miwili akaona ukingo umeachana. Hapo wengi hufanya moja katika mambo mawili: ama hulitia bakuli jikoni likawa kuni, ama huuziba ufa siku ile ile kwa cho chote kilicho karibu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na maneno yao ni kweli. Lakini kwa chombo cha mti yana sharti moja: yafaa kwanza kujua ufa umetoka wapi, na kama umekwisha kufunguka.

Basi na tuanze na sababu. Mti uliokatwa sasa hivi umejaa maji, nayo yamekaa mahali pawili. Mengine yamo katika nafasi zilizo ndani ya nyuzi, kama maji yaliyomo mtungini. Mengine yamenyonywa na kuta za nyuzi zenyewe, kama udongo wa mtungi unyonyavyo maji. Yale ya kwanza yakitoka, mti hupungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya sehemu 30 hivi katika 100 za uzito wa mti mkavu, ndipo kuta za nyuzi huanza kukauka, na mti husinyaa.

Tena mti hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu wake hausinyai ila kidogo mno. Toka moyo wa mti kwenda kwenye ganda, miti mingi husinyaa kama sehemu 4 katika 100. Na kwa kuifuata mizunguko yake, kama sehemu 8. Tofauti hii ndiyo mama wa nyufa nyingi. Fundi akiuacha moyo wa mti katika kitako cha bakuli, ni kama ameupanda ufa kwa mkono wake. Zaidi ya hayo, kila bakuli lililochongwa katika kipande cha gogo lina pande mbili ambapo nyuzi zimekatwa vichwa, na maji hutoka hapo upesi kuliko penginepo. Kwa hiyo nyufa aghalabu huanza pale pale ukingoni. Miti nayo haifanani: mninga una sifa ya kusinyaa kidogo sana, na ndiyo sababu moja mafundi huupenda.

Sasa fikirini litakuwaje ufa ukizibwa kabla ya wakati. Bakuli likiwa bado bichi, litazidi kusinyaa, na ufa utafunguka tena kando ya kizibo. Na ufa uliozibwa wakati wa kiangazi kikali kwa kitu kigumu, masika yakija mti huvimba, ufa hutaka kujifunga, na kile kizibo kilichomo huwa kabari. Kabari, kama ijulikanavyo na kila mpasua kuni, kazi yake ni kupasua. Hivyo ufa wa inchi moja huweza kuwa wa inchi nne kwa ajili ya dawa yake mwenyewe.

Kwa hiyo twashauri bakuli lisubiriwe. Liwekeni kivulini, mbali na jiko, mkalifunika kwa maranda yake au kwa karatasi ili likauke polepole. Kila juma lipimeni kwa mizani moja na kuandika uzito wake. Uzito usipobadilika kwa majuma matatu, bakuli limekauka kwa mahali pale. Twasema kwa mahali pale, kwa kuwa bakuli lililokauka Mombasa au Unguja, penye hewa ya bahari, halijakauka kwa Dodoma. Likipelekwa bara kukavu litatoa maji tena, na mwenye kulinunua yafaa alipe siku zake kabla ya kulitengeneza.

Bakuli likisha kutulia, tazameni aina ya ufa. Kama ni mwembamba kama unywele na hausogei mkibinya ukingo, gundi nyembamba yatosha; ile iitwayo sayanoakrilati hupenya yenyewe ndani. Itieni kabla ya kupaka mafuta, maana gundi haishiki penye mafuta.

Kama ufa waingia ukucha, kusanyeni unga wa mti ule ule, mshindilie ndani kidogo kidogo, mkitia gundi kila tabaka, mpaka ujae na kupita juu kidogo. Ukikauka, sugueni kwa msasa. Jueni ya kuwa mahali palipozibwa huwa peusi kuliko mti wenyewe, wala si aibu. Lakini jihadharini na vumbi: la mvule huwasha pua na ngozi, basi fungeni kitambaa usoni na kufanya kazi penye upepo.

Ufa mrefu uliotoka ukingoni kushuka tumboni wataka kushonwa. Mashua za mitepe za Lamu ziliundwa hivyo, mbao kwa mbao kwa kamba za nazi bila misumari, na katika majumba ya makumbusho vimo vyombo vingi vya mti vya Afrika vilivyoshonwa kwa njia hii. Kwanza toboeni tundu dogo mwisho kabisa wa ufa, ili nguvu ya kupasua isiwe na ncha ya kuendelea nayo. Kisha toboeni matundu mawili mawili yakikabiliana, robo inchi toka ufa kila upande, na nusu inchi baina ya jozi na jozi. Pitisheni waya wa shaba nyekundu au uzi wenye nguvu, mkaze mpaka ushike. Lakini msikaze kwa kusudi la kulazimisha ufa ufumbe, kwa kuwa mti uliovutwa kwa nguvu hupasuka upande mwingine. Mshono mwema huzuia ufa usizidi, na huuacha mti upumue kidogo.

Ufa wa kitako kinene waweza kufungwa kwa kipande cha mti mgumu chenye umbo la kipepeo aliyekunjua mbawa, kilichozamishwa kwa patasi na kutiwa gundi. Nyuzi za kipande hicho lazima zikate ufa, zisiufuate. Zikiufuata, kipande kitakatika katikati.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo twaona ni zito kuliko yote. Wako wauzao mabakuli yenye nyufa zilizojazwa nta na kupakwa rangi, wala hawamwambii mnunuzi. Nta si mbaya. Ikiyeyushwa pamoja na ulimbo wa mti hufaa sana kwa bakuli la karanga kavu, mayai, au la kutazamwa tu. Lakini nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la digrii 63 hivi za Sentigredi, na uji uliotoka jikoni sasa hivi wapita joto hilo. Mama akimimina uji wa mtoto, kizibo kitayeyuka na uji moto utamwagika miguuni pake. Fundi mwaminifu husema: hili nimeliziba, nimeliziba kwa kitu hiki, nalo lafaa kwa kazi hii. Bakuli lililozibwa waziwazi laweza kuuzwa kwa bei yake bila lawama. Lililofichwa ufa ni hadaa, hata likiwa zuri namna gani.

Nasi twaonelea kuwa bakuli lenye ufa mpana lisirudishwe kwenye vyakula vya majimaji, hata likitengenezwa vizuri, kwa maana mabaki huingia mahali ambapo mkono wa kuoshea haufiki. Lipeni kazi ya vitu vikavu, nalo litadumu.

Mwisho ni matunzo. Msilowekee bakuli la mti majini, wala msilianike juani. Lioshwe upesi, lifutwe, lisimamishwe kivulini. Mkilipaka mafuta ya kitani, vitambaa vyake vitandazeni nje mpaka vikauke, kwa kuwa vikirundikwa huweza kuwaka moto vyenyewe.

Aliye na bakuli la wazee wake lililopasuka, basi, asilitie motoni leo, wala asiliguse kwa gundi leo. Aliweke juu ya mizani, aandike uzito, angoje juma lijalo.