Antena iliyopatikana kwa kuchagua mbegu



Wengi wetu hapa Rusizi, wa chai ya Shagasha, wa saruji na wa mpunga wa Bugarama, bado tuna shamba la nyumbani, na tunajua kuchagua mbegu. Maharagwe ya shina lililozaa vizuri unayaweka, mengine yanakwenda chunguni. Msimu ujao unarudia. Wataalamu wa kompyuta wameuchukua utaratibu huo huo na kutengenezea antena.

Antena ni waya au kipande cha chuma kinachotoa na kupokea mawimbi ya redio. Kwa kawaida mhandisi huichora kwa ujuzi wake, na kazi hiyo ni ngumu, kwani ukipinda waya kidogo tu mawimbi hubadilika. Huko Ames, kituo cha shirika la anga la Marekani, NASA, Jason Lohn na wenzake walifanya vingine. Kompyuta ilitunga antena nyingi kwa kubahatisha: waya uende mbele hivi, upinde vile. Kila moja ikapimwa kwa hesabu. Zilizoshindwa zilitupwa, zilizofaulu zilibadilishwa kidogo, kikapatikana kizazi kingine, na kingine tena, bila kompyuta kuchoka wala kudai malipo ya saa za ziada.

Iliyopatikana inafanana na kibanio cha karatasi kilichochezewa na mtoto. Lakini katika vipimo, antena mbili za namna hiyo zilifikia ufanisi wa 93 kwa mia, na mbili za mtindo wa zamani 38 kwa mia tu. Tarehe 22 Machi 2006 ziliruka angani na setilaiti tatu ndogo za ST5.

Je, mhandisi amepoteza kazi? La. Kompyuta haijui antena njema ni ipi. Mtu ndiye anayeiandikia kipimo. Nacho kipimo kina hatari yake. Pima chai kwa kilo peke yake, utaletewa majani magumu na vijiti. Kompyuta nayo hutafuta kile kinachopimwa, si kile ulichokusudia moyoni. Kwa hiyo mashine ya namna hii ikiletwa kiwandani kupanga zamu, wajumbe wetu waulize kwanza: kipimo kimeandikwa na nani, na mna afya ya mfanyakazi ndani yake au mna tani tu?

Kipimo hubadilishwa. Katika kazi ya ST5, njia ya setilaiti iligeuzwa wakati antena ya kwanza imekwisha patikana. Wataalamu wakaandika masharti mapya, kompyuta ikaanza upya, na kwa muda wa mwezi mmoja hivi ikapatikana antena nyingine. Hiyo ndiyo iliyoruka.