Kabla ya kushika kasia, mkague mwenzio

Mwanza. Siku ya mashindano ya mitumbwi, ufukwe wa Mwaloni pale Kirumba huwa hauna pa kuweka mguu. Wauza samaki husogeza meza zao, bodaboda husimama juu ya viti vya pikipiki ili waone vizuri, na watoto hugombania kila jiwe lililoinuka. Majini mitumbwi hupangwa mstari mmoja, pua zikiangalia ziwani. Ishara ikitolewa, makasia hushuka kwa pamoja, na kuanzia hapo ni patashika.

Kila aliyeko ufukweni huangalia nani yuko mbele. Wachache sana huangalia nani amevaa boya.

Kwa miaka mingi mbio za mitumbwi za Kanda ya Ziwa, zilizopata umaarufu kwa jina la Balimi Boat Race, zilikusanya wapiga makasia wa Mwanza, Ukerewe, Musoma, Bukoba na hata Kigoma. Timu za wanaume na za wanawake zilichujana kwenye vituo vyao, kisha vigogo wakakutana Mwanza kwenye fainali. Wengi wao si wanamichezo wa kulipwa. Ni wavuvi na wasafirishaji, watu ambao kasia ni mkate wao wa kila siku.

Na hapo ndipo penye mtego. Mtu aliyelizoea ziwa tangu utotoni huona boya ni la wageni. Lakini ziwa halijui mwenyeji wala mgeni.

ZIWA HALINA MWENYEWE

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, na takriban nusu yake iko Tanzania. Linaweza kulala kimya kama kioo alfajiri, kisha mchana upepo ukavuma na mawimbi yakaanza kupanda juu ya mtumbwi. Usiku ngurumo na dhoruba huja ghafla, na wavuvi wa dagaa wanaofanya kazi kwa taa wanazijua kuliko mtu yeyote.

Watu wa Mwanza hawahitaji kukumbushwa. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika jijini, ikaondoka na mamia ya abiria. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha huku nchi kavu ikionekana kwa macho. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliangukia ziwani ikijiandaa kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 waliokoka na 19 wakafariki. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Hizo ni ajali zilizoandikwa magazetini. Mvuvi mmoja anayezama usiku nyuma ya kisiwa, mara nyingi habari yake huishia kijijini kwake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, siku hiyo ina uzito kuliko sikukuu nyingi zilizoko kwenye kalenda.

SOMO LATOKA ANGANI

Ajabu ni kwamba mchezo wenye somo zuri kwa wapiga makasia hauchezwi majini. Unachezwa angani.

Watanzania wengi wakisikia kuruka kwa mwamvuli, au parachuti, fikra zao huenda moja kwa moja jeshini. Lakini duniani ni mchezo wa raia, wa wikiendi, kama wengine wanavyokwenda kucheza bonanza. Hapa Afrika Mashariki jina linalotajwa zaidi ni Diani, Kwale, pwani ya Kenya, ambako watu huruka na kushuka hadi mchangani kando ya Bahari ya Hindi. Anayeruka kwa mara ya kwanza mara nyingi hufungwa kifuani mwa mwalimu, wakashuka wawili kwa mwamvuli mmoja mkubwa.

Hesabu zake zinatisha. Ndege hupanda hadi mita 4,000 hivi. Mrukaji akitoka mlangoni huanguka kwa kasi inayokaribia kilometa 200 kwa saa, kwa muda wa kama dakika moja, kabla ya kufungua mwamvuli. Tangu Mfaransa André-Jacques Garnerin alipojiachia kutoka kwenye puto juu ya Paris, Oktoba 22, 1797, mchezo huu umeua watu wengi.

Lakini tazama kilichotokea Marekani, ambako kumbukumbu hutunzwa vizuri. Katika miaka ya 1970 walikuwa wakifa zaidi ya watu 40 kwa mwaka kwa wastani. Mwaka 2023, miruko ilikadiriwa kufika milioni 3.65, na waliokufa walikuwa 10. Anga ni ileile na mvutano wa dunia ni uleule. Kilichobadilika ni vifaa na tabia za watu.

Vifaa ni rahisi kuvieleza. Kila mrukaji hubeba miamvuli miwili, mmoja wa kawaida na mwingine wa akiba. Ule wa akiba haukunjwi na yeyote tu, hukunjwa na fundi mwenye cheti. Pia kuna kifaa kidogo kinachopima urefu na kasi. Mtu akipoteza fahamu na bado anaanguka kwa kasi akiwa amebakiza kama mita 225 hivi kufika chini, kifaa hicho hufungua mwamvuli wa akiba chenyewe.

Tabia ndiyo yenye kazi.

MIKONO YA MWENZIO

Kabla ya kupanda ndege, mrukaji hujikagua mwenyewe. Kisha hugeuka, akampa mwenzake mgongo. Mwenzake hufunua kifuniko, hutazama pini, kamba na mikanda, halafu humgonga begani kuwa yuko sawa. Ndani ya ndege, kabla ya mlango kufunguliwa, ukaguzi hurudiwa.

Hakuna anayeona kuwa amedharauliwa. Mwenye miruko 5,000 hukaguliwa na mwenye miruko 50. Sababu ni nyepesi: mtu hawezi kuuona mgongo wake, na mazoea humfanya mtu aone kile alichotegemea kukiona.

Jambo la pili ni kughairi. Mrukaji anaweza kufika hadi mlangoni, akatazama mawingu au akausikia moyo wake haukubali, akarudi kukaa na kushuka na ndege. Kwenye klabu nzuri hakuna atakayemcheka. Marubani wana msemo wao kuwa ni heri kuwa chini ukitamani kuwa juu, kuliko kuwa juu ukitamani kuwa chini.

La tatu ni kusema ukweli baada ya ajali. Chama cha warukaji cha Marekani huchapisha taarifa za ajali ili wengine wasome: nini kilitokea, kosa lilianzia wapi, lingezuiwaje. Kupitia taarifa hizo warukaji wamejifunza kuwa watu wengi hawafi kwa sababu mwamvuli umegoma. Wanakufa wakiwa chini ya mwamvuli mzima uliofunguka vizuri, kwa kukata kona ya mwisho karibu mno na ardhi. Ni wale wazoefu, wanaotaka kutua kwa mbwembwe.

Na la nne linawahusu moja kwa moja watu wa ziwa. Kanuni za chama hicho zinagusia hata maji. Anayeruka mahali palipo chini ya maili moja, yaani kama kilometa 1.6, kutoka kwenye maji ya kumzamisha mtu, anatakiwa kufikiria boya kama sehemu ya vifaa vyake. Anayepanda ngazi ya leseni ya pili hufanyishwa mazoezi ya kutua majini, akifundishwa namna ya kujinasua kwenye kamba na kitambaa kilicholowa. Hufundishwa pia asijifungue mapema, kwa sababu juu ya maji jicho hudanganya. Mtu hudhani amebakiza mita mbili, kumbe ni ishirini.

Fikiria basi. Mtu akiamua kuruka juu ya Mwanza, atavalishwa boya kwa sababu tu ziwa liko jirani. Anayeshindana ndani ya ziwa lenyewe anapiga kasia akiwa na fulana ya timu.

UDUGU UPO TAYARI

Wapiga makasia wa Mwanza hawana haja ya kufundishwa udugu. Mtumbwi wa mbio hauendi kwa nguvu za mtu mmoja. Kuna anayeongoza mdundo, kuna wanaoufuata, kuna mshika usukani nyuma. Mmoja akichelewesha kasia, mtumbwi mzima unayumba na wenzake wanamjua saa hiyo hiyo. Ndiyo maana wanaimba: wimbo ni saa yao.

Warukaji nao wana vituko vyao vinavyofanana na vya kijiweni. Anayefanya jambo kwa mara ya kwanza, awe ameruka peke yake kwa mara ya kwanza au amefikisha mruko wa mia, mila inamtaka awanunulie wenzake bia. Lakini sheria ni moja: hakuna chupa inayofunguliwa mpaka ndege ya mwisho ya siku imeshusha watu wake. Kwa mashindano yaliyobeba jina la bia, sheria hiyo haihitaji tafsiri. Anayeingia kwenye mtumbwi aingie mkavu, sherehe iwe baada ya zawadi.

Tatizo la ziwani ni kwamba udugu huo mara nyingi huonekana baada ya ajali. Mtumbwi ukipinduka, hakuna anayeuliza ni wa timu gani. Wote hugeuza pua na kwenda kuokoa. Bukoba mwaka 2022 iliwaonyesha Watanzania wote moyo huo. Warukaji walichofanya ni kuuhamisha moyo huohuo, ukawa unafanya kazi kabla ya mlango kufunguliwa.

KINACHOWEZEKANA KIRUMBA

Hakuna kati ya haya kinachohitaji mfadhili mkubwa.

Kwanza, boya. Malalamiko ya wapiga makasia ni ya kweli: maboya makubwa ya kwenye vivuko yanabana mikono na kupasha joto. Lakini yapo ya mbio, membamba, yaliyokatwa mabegani, ambayo wacheza kayaki duniani hupigia kasia bila shida. Kamati ikiandika kwenye kanuni kwamba asiye na boya hapangwi kwenye mstari, hakuna timu itakayopoteza faida, kwa sababu wote watakuwa sawa.

Pili, ukaguzi wa wawili wawili. Kabla ya kuingia majini, kila mpiga kasia amgeukie jirani yake wa benchi. Mikanda imefungwa? Kamba hazijazunguka miguu? Ndoo ya kuchotea maji ipo? Ni kazi ya dakika moja.

Tatu, hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa ziwa. Usomwe kwa sauti ufukweni asubuhi ya mbio, na mtu mmoja, si mdhamini wala nahodha mwenye hamu ya kikombe, apewe mamlaka ya kusema leo hapana. Atakayesema hivyo asizomewe.

Nne, kila mtu ajue la kufanya mtumbwi ukipinduka. Mtumbwi wa mbao kwa kawaida huendelea kuelea hata ukijaa maji. Anayeushikilia huonekana kwa urahisi na waokoaji. Anayejitupa kuogelea kuelekea ufukweni kwa sababu ya aibu au haraka huchoka katikati, na kichwa cha mtu kwenye mawimbi ni kidogo sana kukiona. Timu zifanye mazoezi ya kupinduka makusudi, karibu na ufukwe, mpaka lizoeleke kama kupiga kasia.

Tano, kuhesabu. Mshika usukani ahesabu watu wake wakiondoka na awahesabu tena wakirudi, kwa sauti, kila mmoja akiitikia kwa jina.

Hilo la mwisho warukaji nao wanalifanya kwa namna yao. Ndege ikishamwaga watu wake, aliyeko chini huangalia juu na kuhesabu miamvuli. Wameruka kumi na wanne, ifunguke kumi na minne. Mpaka hesabu itimie, hakuna stori nyingine.

Kirumba nako, siku ya fainali, macho yote hukimbilia mtumbwi wa kwanza. Ngoma hulia, mashabiki huingia majini hadi kiunoni, washindi hubebwa juu juu. Nyuma yao mitumbwi mingine bado inakuja, ya nne, ya saba, ya mwisho kabisa iliyojaa maji na watu waliochoka. Hao ndio wa kuhesabiwa kwanza. Kikombe kinaweza kusubiri dakika tano.