Tulituma pesa za kupalilia, shamba likafyekwa

Video iliingia kwenye kundi la familia siku ya Ijumaa baada ya sala, sekunde 40 hivi. Shamba letu la karibu na Wete, majani yote yamekatwa, jeupe kama uwanja wa mpira. Ami anapita na simu huku anasema: "Haya, jioneeni wenyewe. Pesa yenu haikuliwa."

Sisi huku Seeb tulifurahi. Dada yangu alituma maua na mikono ya dua. Hiyo ilikuwa mwezi wa 12. Mwezi wa 3 nilipokwenda Pemba na kupita mwenyewe kwa miguu, nilihesabu mikarafuu hai 17. Masika ya mwaka wa juzi tulikuwa tumepanda 60.

Wengi wanaosoma hapa wana hadithi kama hii. Kila nyumba ya Kizanzibari niijuayo Maskati ina eka yake mahali, ya bibi au ya babu, na kila mwaka kuna mtu anasema mikarafuu ya wazee imezeeka, tupande mingine. Si wazo baya. Mkarafuu mchanga unachukua miaka sita mpaka minane kuanza kuzaa vizuri, kwa hiyo anayechelewa kupanda anachelewa kweli. Na Pemba ndiko karafuu ziliko. Tangu dhoruba ya 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hili. Basi ndugu wanne tukakubaliana riali 10 kila mmoja kwa miezi mitatu, za kupalilia. Tuliandika hivyo hivyo kwenye kundi: "za kupalilia, tunataka shamba safi."

Niliporudi Maskati nikasema maneno. Sitayaandika hapa yote. Niliandika kwenye kundi, watu 23 wanasoma, kwamba kama palikuwa na palizi basi miche isingekufa, na kwamba pesa ya mtoto wa mtu ni amana. Ami alisoma. Hakujibu. Alikaa miezi saba bila ya kuandika kitu humo, hata salamu ya Idi alimpa mkewe atutumie.

Alipoulizwa na wengine alisema ni mchwa na jua. Mchwa Pemba wapo, na jua la Januari na Februari halina haya. Lakini jua liliwaka juu ya ile 17 pia.

Kilichonifungua macho si Pemba, ni ukuta wa nyumba yangu Seeb. Mwezi wa 10 mwaka ule ule, joto lilipopungua, nilipanda ua wa mhina kando ya ukuta, miche 24 kwa mstari mmoja. Nilitandika mipira ya maji ya matone, kila mche na tundu lake. Nusu ya mstari ilipita kwenye changarawe tupu. Nusu nyingine ilipita pembeni mwa majani ya bustani, ambayo kijana wa bustani alikuwa anayakata kwa mashine kila wiki, sawasawa, mpaka shinani kwa mhina. Kwa macho nusu ile ndiyo iliyopendeza.

Kufika Aprili, mihina ya kwenye changarawe ilikuwa inanifika kiunoni. Ile ya kwenye majani ilikuwa haijapita goti, imepauka, na miwili imekauka kuanzia kichwani. Siku moja ya kupanda, kitalu kimoja, maji yale yale. Nikachukua kijiko cha bustani nikachimba chini ya tundu la maji. Mizizi ya nyasi ilikuwa imejazana pale kama nywele kwenye kitana. Maji niliyokuwa nalipia kila mwezi yalikuwa yanakunywewa na nyasi, mhina unapata makombo.

Mche uliotoka kitaluni una mizizi ya kiasi cha kifuko chake tu, haujaenda chini wala kando. Nyasi zina mizizi tele kwenye udongo wa juu, mahali pale pale. Ukizikata kwa panga au mashine, unaondoa kinachoonekana. Mizizi imebaki, inatoa majani mapya, na majani mapya yanataka maji. Watafiti wa misitu wa Uingereza walishaliandika jambo hili mwaka 1987, katika kijitabu cha R. J. Davies kinachoitwa Trees and Weeds: kukata nyasi kuzunguka mti mchanga hakuusaidii mti, na pengine kunauzidishia dhiki, kwa kuwa nyasi inayokatwa kila mara inabaki changa na inaendelea kunywa. Kinachosaidia ni kuziondoa kabisa kwenye duara la kama mita moja kuzunguka shina, na kuliweka duara hilo tupu miaka miwili mitatu ya mwanzo.

Nilikaa chini pale ukutani na kijiko mkononi. Ami hakula pesa. Ami alifyeka.

Na sisi Waswahili maneno tunayo, wala hatuna udhuru. Kufyeka ni kufyeka, kupalilia ni kupalilia. Bibi angekuelewa mara moja. Lakini sisi tuliokaa ng'ambo miaka 20 tunasema "kusafisha" kwa yote mawili, halafu tunaomba video. Na video inaonyesha nini? Inaonyesha majani marefu au mafupi. Haionyeshi kilichoko chini ya udongo.

Nilikwenda tena mwezi wa 7, kwa ajili ya ami hasa. Nilimkuta barazani. Nikamwambia, "Shikamoo ami, nimekuja kukuomba radhi." Akaniacha nimalize yote. Kisha akasema, "Nyie mlisema mnataka shamba safi. Nikakusafishieni." Halafu akamwita mkewe alete chai.

Tulipokwenda shamba pamoja niliona jambo ambalo mara ya kwanza hasira ilinizuia kuliona. Katika ile 17, 12 ilikuwa upande mmoja, kule kunakoteremka kwenye mto. Pale mke wa ami alikuwa amepanda muhogo na kunde zake. Hakuna aliyemlipa. Lakini muhogo wake alikuwa anaupalilia kwa jembe, na kila akifika kwenye mkarafuu alikuwa anazungusha hapo pia, kwa sababu, alivyoniambia, "nisingeweza kuuruka, si una roho?" Muhogo wenyewe uliipa miche kivuli, na mkarafuu mchanga unakipenda kivuli mwaka wake wa kwanza. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama tu. Kwenye kundi letu hayumo, tulimtia mumewe.

Sasa kazi tunaifanya hivi, na mwenye shamba lake aangalie kama inamfaa.

Kila mche una duara lake, dhiraa moja kutoka shinani kila upande. Ndani ya duara hakuna panga. Panga ndilo lililokata miche yetu mitatu, maana mkarafuu wa mwaka mmoja ukizama ndani ya majani mfyekaji hauoni. Sasa kila mmoja una mti wa alama pembeni. Karibu na shina tunang'oa kwa mkono, mbali kidogo ni jembe dogo, tena juu juu, kwa kuwa mizizi ya mkarafuu inayotafuta chakula haiko chini sana na jembe la nguvu linaikata. Nje ya duara wafyeke wapendavyo, wala si lazima.

Ndago ni kesi yake. Ukivuta jani linakatika, kile kiazi chake kinabaki chini na kinaleta wengine. Inataka kuchimbwa na viazi vyake vitolewe shambani, visiachwe pale pale, na hata hivyo itarudi, utachimba tena. Kongwa nayo ukiikatakata ukaiacha kwenye udongo wenye unyevu, kila kipande kinatoa mizizi.

Wakati nao una maana kuliko wingi. Zamani tulikuwa tunatuma pesa tunapopata mishahara, na kazi inafanyika pesa ikifika. Sasa palizi kubwa ni masika yanapomalizika, mwezi wa 6, na vuli inapomalizika, mwezi wa 12, kabla jua halijaanza kunyonya udongo. Udongo ukiwa bado una maji, tunafunika duara kwa majani makavu, makuti na makumbi ya nazi, unene wa vidole vinne, ila hatugusishi shina, pabaki upenyo wa kiganja. Kwa sababu ya mchwa, na kwa sababu shina likikaa kwenye unyevu linaoza. Hapa Seeb nimefanya vile vile kwa mhina: maboksi ya karatasi nimeyafungua nikayalaza chini, juu yake makuti ya mtende yaliyokatwakatwa. Nyasi zimekufa. Ndago imetoboa sehemu mbili, hiyo nilitegemea.

Mpwa wangu alitaka tupige dawa, tumalize. Zile dawa zinazoingia kwa majani hazichagui. Zikigusa jani la mkarafuu, au ganda lake likiwa bado bichi, zinaingia humo pia. Upepo wa Pemba mnaujua. Kwa duara la mita moja, na kuku na watoto wanapita, nimeona mkono unatosha.

Malipo tumebadilisha. Hatulipi kwa eka iliyofyekwa, tunalipa kwa mche ulio hai wenye duara tupu, na anayepokea ni mke wa ami, na ami mwenyewe ndiye aliyesema iwe hivyo. Pengo la 43 tulilijaza masika yaliyofuata. Kuanzia hapo hatutumiwi video. Zinakuja picha, simu ikiwa imeinamishwa chini kabisa, na kwenye kila moja mguu wake wenye kandambili umewekwa pembeni ya shina kuwa kipimo.

Juzi zilikuja 53. Nimezihesabu mara mbili. Chini ya ile ya mwisho ami ameandika kwenye kundi, mara ya kwanza baada ya muda mrefu: "Saba hazikupigwa, simu iliisha chaji. Kesho."