Rejeo la Mwendo: Sentensi ya Kiswahili na Mlinganyo wa Fizikia

Mtu aliyesimama gatini akiiona mashua inakaribia husema, "Mashua inakuja." Aliyebaki ng'ambo ya pili, kwa mashua ile ile na wakati ule ule, husema, "Inakwenda." Hakuna kati yao aliyesema uongo. Vitenzi hivi hubeba ndani yake mahali pa mtazamaji. Mhadhara huu unadai kwamba ujuzi huo, alionao mzungumzaji wa Kiswahili tangu utotoni, ndio mlango wa kuingilia somo la mwendo linganishi, na kwamba makosa ya mwanafunzi katika somo hilo aghalabu huanzia katika sentensi isiyotaja rejeo lake, kabla hata ya hesabu kuanza.

Mwaka 1632, nchini Italia, Galileo Galilei aliwataka wasomaji wake wafikirie chumba kilichofungwa ndani ya jahazi kubwa, mna vipepeo wanaoruka na maji yanayodondoka tone kwa tone katika chombo kilichowekwa chini. Jahazi likienda kwa kasi isiyobadilika, bila kuyumba, matone huendelea kuangukia chombo kile kile, kana kwamba limetia nanga. Aliyemo chumbani hana jaribio la kumjulisha kama anasafiri. Mwendo, basi, si sifa ya kitu peke yake kama ilivyo rangi yake. Ni uhusiano baina ya kitu na rejeo.

Uhusiano huo huandikwa kwa mlinganyo mfupi: kasi ya mashua kwa kurejelea nchi kavu ni jumla ya kasi ya mashua kwa kurejelea maji na kasi ya maji kwa kurejelea nchi kavu. Neno "maji" hutokea mara mbili, nalo ndilo kiungo. Likikosekana upande mmoja, jumla haina maana. Aidha, kila kasi hapa huchukuliwa pamoja na uelekeo wake.

Ichukuliwe kwamba mto una upana wa mita 200, mkondo una kasi ya mita 3 kwa sekunde, na mashua huyakata maji kwa mita 5 kwa sekunde. Nahodha akielekeza omo moja kwa moja ng'ambo, atavuka kwa sekunde 40, lakini atafikia mita 120 chini ya gati. Akitaka kufika gatini penyewe, hana budi kuinamisha omo dhidi ya mkondo. Kasi ya kuvuka hupungua kuwa mita 4 kwa sekunde, na safari huchukua sekunde 50. Mwanafunzi aandikaye tu "kasi ya mashua ni 5" hawezi kujua ni safari ipi anayoikokotoa.

Baharini, suala hili ni la uhai. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano ya vyombo, za mwaka 1972, zinaelekeza kwamba iwapo uelekeo wa chombo kinachokaribia, ukipimwa kwa dira, haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, basi hatari ya kugongana ihesabiwe kuwa ipo. Sababu ni kwamba, kwa kurejelea mtazamaji, chombo hicho kinamjia yeye hasa, hata kama omo yake inatazama kwingine.

Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kuwa kujumlisha huku kwa kawaida hakutoshi kasi zinapoukaribia mwendo wa nuru. Hata hivyo, sharti la kutaja rejeo lilibaki, tena kwa uzito zaidi.

Katika sarufi, kirejeshi hudai nomino inayorejelewa. Sentensi ya mwendo nayo ina dai lake. Mwalimu akiwazoeza wanafunzi kukamilisha kila kauli ya kasi kwa maneno "kwa kurejelea" fulani, atakuwa amewafundisha sarufi na fizikia kwa pamoja.